Saa ya dhahabu: bei iko kwenye karatasi, si kwenye mizani

Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, biashara huanza na kumalizika kwenye mizani. Mchimbaji mdogo huleta mzigo wake, unapimwa uzito, unapimwa usafi, bei ya dunia ya siku hiyo inatazamwa na hesabu inapigwa mbele ya muuzaji na mnunuzi. Serikali huchukua mrabaha na ada ya ukaguzi, ambavyo sheria ya mwaka 2017 iliviweka kuwa asilimia 6 na asilimia 1. Usafi ukiwa sawa, gramu ya Nyarugusu haina bei tofauti na gramu ya Rwamgasa.

Dhahabu ikifika Geneva na kugeuzwa kasha la saa ya mkononi, mambo hubadilika. Mizani huwekwa kando, na bei huanza kutafutwa kwenye karatasi: katalogi ya mtengenezaji, cheti cha mauzo na kitabu cha mnada. Wafanyabiashara wa Geita, Kahama na Shinyanga wanaofikiria kuweka faida yao katika saa ya fahari badala ya nyumba, ng'ombe au hati fungani, inafaa waujue mwenendo wa soko hili kabla ya kufungua mfuko.

KITABU KISICHO NA BEI

Katalogi za makampuni kama Rolex, au Patek Philippe ambayo asili yake ni mwaka 1839, si vipeperushi vya dukani. Ni vitabu hasa. Karatasi ni nzito, saa moja hupewa picha kubwa kuliko saa yenyewe, na chini yake huwekwa maelezo mafupi: namba ya aina, kipenyo cha kasha kwa milimita, jina la mtambo, madini, mkanda. Bei haimo. Mara nyingi bei zilichapwa kwenye karatasi ya peke yake iliyochomekwa ndani ya jalada, kwa kuwa bei hubadilika kutoka nchi hadi nchi na mwaka hadi mwaka, ilhali kitabu kimekusudiwa kukaa.

Muuza pamba wa Shinyanga, aliyezoea bei kutangazwa kabla mzani haujaguswa, ataona huo ni ujanja. Ni ujanja kweli. Mteja huichagua saa kwanza, anaipenda, anajiona ameivaa, ndipo anapofunua ile karatasi ya pembeni.

Chukua mfano wa saa ya mkanda wa ngozi yenye kasha la gramu 40 za dhahabu ya karati 18. Karati 18 ni sehemu 750 katika 1,000, hivyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 30. Oktoba 2025 bei ya wakia moja, yaani gramu 31.1, ilivuka dola 4,000 za Kimarekani kwa mara ya kwanza. Kwa bei hiyo dhahabu ya kasha ina thamani ya dola 3,860 hivi. Kama saa inauzwa dola 30,000, dhahabu haifiki asilimia 13 ya bei. Zaidi ya dola 26,000 zinazobaki ni mtambo, kazi ya fundi, kodi, faida ya duka, na jina.

Jina hilo hujengwa kwa makusudi. Tangu 1996 matangazo ya Patek Philippe yamekuwa yakionyesha mzazi na mtoto wake, ujumbe ukiwa kwamba saa ni urithi wa kizazi kijacho. Usukumani wazo hilo si geni, ila urithi wa huko huzaa kila mwaka, saa haizai.

KWA NINI WAKUSANYAJI HUZITUNZA

Kinachowafanya wakusanyaji wazishike katalogi za miaka ya 1950 na 1960 kama hati za viwanja si uzuri wa picha. Ni ushahidi. Saa iliyotengenezwa miaka 60 iliyopita imepita kwa mafundi wengi. Huyu alibadili mishale, yule alipaka uso upya, mwingine aliweka taji la saa nyingine. Katalogi ya mwaka ule huonyesha saa ilivyotoka kiwandani. Muuzaji akidai kwamba uso mweusi ulikuwepo tangu mwanzo, mnunuzi anafungua ukurasa na kutazama. Ndiyo maana katalogi hizo zenyewe zimekuwa bidhaa, zikinunuliwa na watu ambao pengine hawamiliki hata saa moja kati ya zilizomo.

Namba za aina nazo husomeka kama msimbo. Kwa Patek Philippe, herufi J baada ya namba ni dhahabu ya njano, R ni dhahabu nyekundu, G ni dhahabu nyeupe, P ni platinamu na A ni chuma cha pua, kile kisichoshika kutu. Kwa saa za Rolex za miaka ya karibuni, tarakimu ya mwisho 8 ni dhahabu ya njano, 9 ni dhahabu nyeupe na 0 ni chuma. Anayeuziwa saa ya "dhahabu" yenye namba ya chuma ana haki ya kuuliza maswali.

Hapa ndipo mtu wa Geita anaposhangaa, kwa sababu chuma mara nyingine hushinda dhahabu. Patek Philippe ilipotoa saa namba 1518 mwaka 1941, ilitengeneza jumla ya 281 hivi, karibu zote za dhahabu. Za chuma zinazojulikana ni nne tu. Novemba 2016 moja ya hizo nne iliuzwa na kampuni ya mnada ya Phillips huko Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi, bei ambayo ndugu zake wa dhahabu hawakuwa wameifikia. Novemba 2019, katika mnada wa hisani wa Only Watch mjini humo, saa nyingine ya Patek Philippe, Grandmaster Chime iliyotengenezwa kwa chuma mara hiyo moja tu, ilifika faranga milioni 31. Kinachonunuliwa ni uchache, na uchache huo unajulikana kwa sababu kuna vitabu vya kuuthibitisha.

Kutolewa katalogini nako kunaweza kupandisha bei. Mwaka 2021 Patek Philippe iliachana na Nautilus 5711 ya chuma, na bei yake kwa wauzaji wa saa zilizotumika iliruka kwa kasi. Zipo pia saa ambazo hazikuwahi kuuzwa kwa mteja wa kawaida. Sultan Qaboos bin Said, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi 2020, aliagiza saa za Rolex, Patek Philippe na wengineo zikiwa na nembo ya jambia la Oman, nyingine kupitia duka la Asprey la London, akawatunuku maofisa na wageni wake. Wakusanyaji leo huzilipia zaidi kuliko saa ile ile isiyo na jambia. Familia za Shinyanga na Tabora zenye ndugu Maskati, ikiwa kuna saa ya namna hiyo kabatini, zisikimbilie kuisafisha uso. Nembo ikifutika, hela nayo imefutika.

JIWE LA MWADUI

Mkoa wa Shinyanga una mfano wake wa karatasi iliyozaa fedha, nao si wa saa bali wa almasi. Mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 lilipatikana Mwadui, katika mgodi wa Dk. John Williamson, ambaye alilitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Lilikatwa London likawa la karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier, wenye jina katika vito na saa pia, walilitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua.

Novemba 2021 Petra Diamonds, iliyokuwa ikiuendesha mgodi huo wakati ule, iliuza jiwe ghafi la waridi la karati 32.32 kwa dola milioni 13.8. Kampuni ya Diacore ililikata na kubakiza karati 11.15. Theluthi mbili ya uzito ilipotea. Kisha Sotheby's wakalipa jina, Williamson Pink Star, wakiunganisha jina la Williamson na lile la Pink Star, almasi iliyouzwa Hong Kong mwaka 2017 kwa dola milioni 71.2. Jiwe likaingia mnadani likiwa na historia ya malkia, picha na vyeti vya maabara. Makisio yalikuwa dola milioni 21. Tarehe 7 Oktoba 2022, huko Hong Kong, nyundo na ada vilipojumlishwa ilikuwa dola milioni 57.7, zaidi ya dola milioni 5 kwa kila karati, rekodi ya dunia kwa wakati huo.

Ukataji una sehemu yake katika ongezeko hilo, na ni sehemu kubwa. Jiwe ghafi ni bahati nasibu na aliyelikata alibeba hatari. Lakini makisio ya milioni 21 yalikuwa ya jiwe lililokwisha kukatwa. Kutoka hapo hadi milioni 57.7, hakuna aliyegusa jiwe.

UPANDE WA HASARA

Mwenye akiba ndogo asitazame rekodi tu. Bei za saa zilizotumika za Rolex na Patek Philippe zilipanda hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikaanguka, ile Nautilus ikiwemo. Aliyenunua kileleni kwa fedha za mkopo aliumia. Makampuni makubwa ya mnada humtoza mnunuzi zaidi ya asilimia 20 juu ya bei ya nyundo, na muuzaji naye huweza kukatwa chake. Linganisha na makato ya soko la Geita. Tena dhahabu ghafi hupata mnunuzi siku hiyo hiyo, wakati saa ya dola 30,000 inahitaji kusafiri hadi Dubai, London au Geneva.

Na karatasi nayo hudanganya. Novemba 2021 Omega Speedmaster ya miaka ya 1950 iliuzwa na Phillips, Geneva, kwa zaidi ya faranga milioni 3. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Juni 2023 kampuni hiyo ilieleza kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika. Ikiwa mwenye kiwanda, mwenye katalogi zote na kumbukumbu zote, aliweza kuuziwa, mnunuzi wa Kahama anayeonyeshwa boksi la kijani na kadi ya plastiki hotelini ana sababu ya kutoharakisha.

Kipimo kimoja kiko karibu. Saa ya Uswisi ya dhahabu ya karati 18 huwa na alama ya 750 ndani ya mfuniko wa nyuma. Zilizopigwa muhuri tangu Agosti 1995 hubeba pia kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Za kabla ya hapo, kichwa cha mwanamke, Helvetia. Alama huweza kuigizwa, lakini mashine ya kupimia usafi iliyoko katika masoko ya madini haisomi alama, inasoma metali. Atakayeipeleka saa huko atapimiwa kasha tu. Mtambo, kioo na mkanda atarudi navyo mfukoni.