Haki ya Mwenye Hisa Chache

Katika nchi ya Marekani, mtu anunuapo hisa za kampuni iliyo sokoni hupata, fauka ya fungu lake la faida, haki ya kuwauliza wakubwa wa kampuni, mbele ya wanahisa wenziwe wote, ikiwa mali yao inachumwa kwa njia ya insafu. Haki hiyo imesimama juu ya kanuni iliyotungwa mwaka 1942 na Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa, inayoilazimisha kampuni kulichapisha azimio la mwanahisa, lisilozidi maneno 500, katika waraka wake wa mkutano mkuu, ili lipigiwe kura.

Walakini mintarafu ya mambo ya jamii mlango ulifungwa mapema. Mwaka 1951 James Peck, mwanahisa wa kampuni ya mabasi ya Greyhound, alitaka wenziwe waulizwe juu ya kukomesha desturi ya kuwatenga abiria weusi katika majimbo ya kusini. Kampuni ikakataa, Tume ikairuhusu kukataa, mahakama isimpe amri aliyoiomba, na mwaka 1952 kanuni ikageuzwa ili azimio lolote ambalo shabaha yake hasa ni siasa, rangi, dini au jamii liweze kutupwa. Peck huyo huyo, mwaka 1961, alipigwa vibaya mjini Birmingham, Alabama, kwa kusafiri na weusi katika basi ili kuupinga ubaguzi.

Mambo yalianza kugeuka kwa kampuni ya Dow Chemical, iliyotengeneza napalm, ule moto wa kunata uliowaunguza watu Vietnam. Mwaka 1968 kamati moja ya matabibu, iliyopewa hisa chache kama zawadi, iliomba napalm isiuzwe kwa mnunuzi yeyote asiyetoa dhamana kwamba haitatumiwa juu ya binadamu. Nayo Mahakama ya Rufani ya Washington, mwaka 1970, iliitaka Tume, iliyokuwa imeiruhusu Dow kulikataa azimio hilo, iitazame upya daawa hiyo, ikasema kwamba wakurugenzi wana uhuru katika biashara ya kila siku, lakini hawana ruhusa ya kuifanya kampuni milki ya kutimizia rai zao wenyewe za siasa na maadili. Azimio lilipochapishwa mwaka 1971 halikupata hata kura tatu katika kila mia.

Mwaka huo huo Kanisa la Episcopal liliitaka General Motors itoke Afrika Kusini. Lilishindwa vibaya, illa Mchungaji Leon Sullivan, mtu mweusi wa kwanza katika bodi ya kampuni hiyo, alisimama mkutanoni akaliunga mkono kinyume cha wakurugenzi wenziwe, na mwaka 1986 kampuni ikatangaza kuondoka.

Wapinzani husema kwamba maazimio haya hula fedha na wakati wa kampuni, na mwaka 2020 Tume iliwasikiliza: mwenye hisa za dola 2,000, ambaye awali alingoja mwaka mmoja kabla ya kuleta azimio, sasa hungoja mitatu, ilhali mwenye dola 25,000 hungoja mmoja tu. Madhali kura hizi aghalabu ni ushauri usiomfunga mkurugenzi, sioni kampuni inaokolewa na nini. Kumngojesha mnyonge kwa sababu ya uchache wa mali yake ni dhuluma, na Tume yapasa kuirejesha kanuni ya awali.