Toleo la Zamani kama Lugha ya Pamoja: Programu za Michoro ya Vekta katika Stesheneri za Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua sababu zinazofanya matoleo ya zamani ya programu za usanifu wa michoro ya vekta, hususani CorelDRAW, yaendelee kutumika katika stesheneri na maduka ya uchapaji ya mkoa wa Kagera, kwa kurejelea miji ya Bukoba na Muleba. Mtazamo uliozoeleka huichukulia hali hiyo kuwa dalili ya uhaba wa fedha au ya kutokwenda na wakati. Makala yanatetea hoja tofauti: toleo la zamani hudumu kwa sababu ndilo linalowezesha kompyuta za wadau mbalimbali kufunguliana kazi. Hata hivyo, maelewano hayo yana gharama, na gharama hiyo humwangukia mteja ambaye mara nyingi hana habari nayo.

2.0 Dhana ya Mchoro wa Vekta

Picha ya pikseli, kama ile inayopigwa kwa simu, ni mkusanyiko wa vitone vya rangi. Ikikuzwa kupita kiasi, vitone huonekana na kingo hupoteza ukali. Mchoro wa vekta haubebi vitone bali maelekezo ya kihisabati: mahali mstari unapoanzia, unapopindia na unapoishia. Msingi wa hisabati hiyo ulijengwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa na Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault. Kwa sababu hiyo, nembo ileile ya shule huweza kuwekwa kwenye muhuri, fulana na bango la barabarani bila kuharibika.

CorelDRAW ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na kampuni ya Corel ya Ottawa, Kanada. Toleo la X3 lilitoka mwaka 2006, X4 mwaka 2008, X5 mwaka 2010, X6 mwaka 2012 na X7 mwaka 2014. Kwa kazi nyingi za stesheneri, yaani kadi za mchango na za sendofu, kalenda za parokia, vyeti na mabango, zana zilizomo katika matoleo hayo zinatosheleza. Kiswahili na Kihaya huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini, hivyo hata fonti za miaka mingi iliyopita hukidhi haja, ingawa baadhi ya fonti za mapambo hukosa alama ya ritifaa inayohitajika katika maneno kama ng'ombe.

3.0 Upatanifu wa Upande Mmoja

Kiini cha suala ni namna faili linavyohifadhiwa. Toleo jipya husoma faili nyingi za matoleo yaliyolitangulia, lakini toleo la zamani halisomi faili la toleo lililokuja baada yake. Faili lililohifadhiwa kwa X7 halifunguki katika X4 isipokuwa msanifu awe amechagua, katika dirisha la kuhifadhi, toleo la nyuma. Hata akifanya hivyo, madoido yaliyobuniwa baadaye huweza kupotea au kugeuzwa kuwa pikseli.

4.0 Mnyororo wa Kazi

Tuchukue mfano wa bango la harusi linalosanifiwa Muleba, mji ulio kusini mwa Bukoba kwenye barabara ielekeayo Biharamulo. Iwapo mashine ya mabango makubwa iko Bukoba, faili litasafirishwa kwa flashi au kwa simu. Faili la PDF lingetosha kwa uchapaji peke yake. Lakini kamati ya harusi ikibadili ukumbi siku moja kabla, mchapaji hulazimika kurekebisha maandishi mwenyewe, na hapo huhitaji faili halisi la usanifu. Msanifu wa Muleba atahifadhi basi kwa toleo ambalo ana hakika kwamba mwenzake analo. Toleo la mnyororo mzima huamuliwa na kompyuta yenye programu kongwe zaidi. Mwenye toleo jipya hulazimika kurudi nyuma, na asiyefanya hivyo hurudishiwa kazi.

Sababu nyingine ni masharti ya leseni. Baada ya Creative Suite 6 ya mwaka 2012, kampuni ya Adobe iliacha kutengeneza matoleo mapya yenye leseni ya kudumu na kuhamia malipo ya kila mwezi au mwaka. Duka ambalo kazi zake hutegemea misimu ya harusi, mahafali na kampeni haliwezi kwa urahisi kulipia programu katika miezi isiyo na wateja. Leseni ya kudumu ya toleo la zamani hailetei duka ankara mpya.

5.0 Gharama Iliyofichika

Gharama ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 huzilinda programu za kompyuta, na uzee wa toleo hauondoi ulinzi huo. Nakala isiyo na leseni hubaki kuwa kosa hata kama toleo lake haliuzwi tena.

Gharama ya pili ni ya kiusalama. Matoleo ya zamani huambatana na mifumo endeshi ya zamani, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Flashi zinazopita katika kompyuta hizo hubeba virusi kutoka duka hadi duka.

Gharama ya tatu ndiyo nzito zaidi. Muundo wa faili la CDR ni mali ya kampuni. LibreOffice ilipoanza kulifungua mwaka 2012, wataalamu walikuwa wamelazimika kuuchambua muundo huo wenyewe. Kwa kawaida mteja, awe shule, parokia au SACCOS, huondoka na karatasi iliyochapwa, huku faili likibaki dukani. Kompyuta ikifa au fundi akihama, nembo huchorwa upya kwa kuigiza picha ya simu, na kila uigizaji huipotosha kidogo.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kuyataka maduka yaache toleo la zamani mojamoja hakutafaulu, kwa kuwa duka litakalotangulia litajitenga na wenzake. Linalowezekana ni kubadili kinachokabidhiwa. Inapendekezwa kwamba mteja apewe nakala tatu: faili la CDR katika toleo la pamoja, PDF ambayo maandishi yake yamegeuzwa kuwa michoro ili yasitegemee fonti, na SVG, muundo wa wazi uliopitishwa na W3C mwaka 2001 na unaotumiwa na Inkscape, programu isiyolipiwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na CorelDRAW ya zamani huweza kuifanya. Taasisi inayoagiza nembo iandike sharti hilo katika makubaliano kabla ya kulipa.