Draiva za mtandao na kuganda kwa kompyuta

Draiva ya mtandao (pia: kiendeshi cha mtandao) ni programu ndogo inayouwezesha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kuwasiliana na kadi ya mtandao, yaani kifaa kinachotuma na kupokea data kwa waya au kwa Wi-Fi. Draiva iliyopitwa na wakati, iliyoharibika au isiyolingana na kadi ni mojawapo ya sababu zinazofanya kompyuta igande: skrini inabaki vilevile, kipanya hakisogei na hakuna kitufe kinachojibu mpaka kompyuta izimwe kwa nguvu.

Tatizo hili huonekana zaidi kwenye kompyuta za zamani. Katika jiji la Dar es Salaam, hasa Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji, biashara nyingi ndogo hutumia kompyuta zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Zinapoganda, mara nyingi husemwa kwamba "zimechoka". Wakati mwingine ni kweli, lakini wakati mwingine kifaa ni kizima na kilichochoka ni draiva.

Jinsi draiva inavyofanya kazi

Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua au kivinjari, hazigusi vifaa vya kompyuta moja kwa moja. Huomba huduma kwa mfumo wa uendeshaji, nao huipitisha kazi hiyo kwa draiva ya kifaa kinachohusika. Draiva ndiyo inayojua lugha ya kadi fulani: jinsi ya kuiwasha, mahali pa kuweka data inayosubiri kutumwa na jinsi ya kupokea pakiti zinazoingia.

Pakiti inapofika, kadi huipelekea prosesa ishara ya kuikatiza. Prosesa huacha kwa muda mfupi kazi iliyokuwa ikifanya, huendesha sehemu ya draiva inayoshughulikia pakiti, kisha hurudi kwenye kazi yake. Jambo hili linaweza kutokea maelfu ya mara kwa sekunde.

Draiva nyingi za mtandao hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo wa uendeshaji, mahali penye mamlaka yote juu ya kumbukumbu na vifaa. Ndiyo maana kosa lake ni zito kuliko kosa la programu ya kawaida. Programu ya kawaida ikikosea, mfumo unaweza kuifunga na kazi nyingine zikaendelea. Draiva ikisubiri jibu ambalo kadi haitalitoa kamwe, au ikiandika data mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, mfumo mzima unaweza kusimama. Katika Windows, matokeo huwa ama kuganda kimya, ama skrini ya bluu yenye ujumbe wa kosa.

Draiva ya kadi hutofautiana na programu mteja wa mtandao, ambayo iko juu yake. Programu mteja hushughulikia mambo kama kufungua mafaili yaliyo kwenye seva au kutumia printa ya pamoja. Zote mbili zinaweza kuonekana kama chanzo cha kuganda, lakini dalili zake hazifanani.

Historia

Kompyuta binafsi za miaka ya 1980 zilitumia mfumo wa DOS, ambao haukuwa na uwezo wa mtandao ndani yake. Ili kuunganishwa na seva, kila kompyuta ililazimika kupakia programu za ziada inapowaka. Mfumo uliotumika sana katika ofisi duniani ulikuwa NetWare wa kampuni ya Novell kutoka Marekani. Kompyuta ya mtumiaji ilipakia draiva ya kadi, itifaki ya IPX, na programu mteja iliyoitwa NETX. Baadaye NETX ilifuatwa na VLM, kisha Client 32.

Kuganda kulikuwa jambo la kawaida wakati huo. Kadi maarufu ya NE2000, kwa mfano, mara nyingi ilikuja ikiwa imepangwa kutumia ishara ya ukatizaji namba 3 (IRQ 3), ambayo ilitumiwa pia na mlango wa pili wa mawasiliano, COM2. Vifaa viwili vilipogombania namba moja, kompyuta iliweza kusimama ghafla mara tu mtumiaji alipotumia kifaa kilichounganishwa kwenye mlango huo. Windows 3.0 ilipotoka mwaka 1990, baadhi ya programu za mtandao zilizokuwa zikifanya kazi vizuri chini ya DOS pekee hazikuelewana na mazingira mapya, na watumiaji walihitaji matoleo mapya ya programu hizo.

Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilikuja na programu mteja za mtandao ndani yake na ilianza kutambua vifaa na kuvigawia namba yenyewe. Ugomvi wa IRQ ulipungua polepole, lakini kanuni ya msingi haikubadilika: mfumo wa uendeshaji ukibadilika, draiva nayo inapaswa kulingana nao.

Hali ya Dar es Salaam

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha jijini Dar es Salaam. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kufuatia matatizo katika matumizi ya mashine hizo kwa hesabu za serikali. Baada ya marufuku hiyo kulegezwa, kompyuta binafsi zilianza kuenea maofisini. Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kutoa huduma mwezi Julai 2009, na intaneti ya kasi ikawa jambo la kawaida zaidi jijini.

Mtandao umekuwa sehemu ya biashara ya kila siku. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianzisha matumizi ya mashine za kielektroniki za kodi (EFD), ambazo baadhi yake ni printa zinazounganishwa na kompyuta ya duka. Kompyuta hiyo hiyo inaweza kutunza hesabu ya mali, kuandaa ankara na kuwasiliana na ghala au tawi jingine. Ikiganda wakati wateja wamepanga foleni, mauzo husimama na kumbukumbu ambazo hazijahifadhiwa hupotea. Kuzimwa kwa nguvu mara kwa mara kunaweza pia kuharibu mafaili yaliyo kwenye diski.

Mambo kadhaa huongeza uwezekano wa matatizo ya draiva katika mazingira haya:

- Kompyuta iliyotumika hufika sokoni ikiwa na mfumo tofauti na ule iliotoka nao kiwandani. Mashine iliyotengenezwa wakati wa Windows 7 huwekewa Windows 10, na mfumo huchagua draiva ya jumla badala ya ile iliyotengenezwa kwa kadi hiyo.
- Umeme ukikatika wakati draiva inasasishwa, mafaili yake yanaweza kubaki nusu.
- Ili kuokoa bando, mafundi wengi hubeba draiva kwenye flashi. Mkusanyo wa miaka kadhaa iliyopita unaweza kuwa na matoleo ya zamani, na flashi inayopita kwenye kompyuta nyingi hubeba virusi kwa urahisi.
- Joto, vumbi na hewa yenye unyevu na chumvi ya pwani huharibu feni na sehemu za chuma zinazogusana, na hivyo kuleta kuganda kunakofanana na kule kwa draiva.

Kutambua chanzo

Hatua ya kwanza ni kutofautisha aina mbili za kuganda. Ikiwa dirisha moja halijibu lakini kipanya kinasogea, huenda programu mteja inasubiri seva au folda ya pamoja ambayo haipatikani. Hapo tatizo linaweza kuwa waya, swichi au kompyuta nyingine iliyozimwa. Ikiwa hakuna kinachosogea, na taa ya kitufe cha Caps Lock haibadiliki kitufe kinapobonyezwa, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mfumo mzima umesimama.

Hatua zinazofuata hulenga kuitenga kadi ya mtandao:

1. Waya wa mtandao huchomolewa na Wi-Fi huzimwa, kisha kompyuta hutumiwa kama kawaida kwa muda unaozidi ule ambao huganda. Isipoganda, mtandao unashukiwa.
2. Kadi huzimwa katika orodha ya vifaa ya Windows. Hii ni njia ya uhakika zaidi, kwa sababu draiva yake huacha kufanya kazi.
3. Kompyuta huwashwa katika hali salama bila mtandao, kisha katika hali salama yenye mtandao. Ikiganda katika hali ya pili tu, ushahidi dhidi ya draiva huongezeka.
4. Skrini ya bluu ikitokea, ujumbe wake husomwa. Kosa la DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL huonyesha kwamba huenda draiva imegusa kumbukumbu isivyopaswa. Pengine hutajwa pia jina la faili. Majina yanayoanza na "rt" mara nyingi ni ya kadi za Realtek, na ndis.sys ni sehemu ya Windows inayohudumia draiva zote za mtandao.
5. Kompyuta huwashwa kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, na mtandao hutumiwa kwa saa kadhaa. Isipoganda, vifaa vikuu yaelekea ni vizima. Hata hivyo diski bado haijapimwa.

Ikiwa kompyuta inaganda hata kadi ikiwa imezimwa, uchunguzi huelekezwa kwenye kumbukumbu (RAM), diski, joto, au kapasita zilizovimba kwenye bodi kuu.

Kusasisha draiva

Jina la kadi lililoandikwa kwenye boksi halitoshi, kwa kuwa kadi zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti. Utambulisho wa kweli hupatikana katika maelezo ya kifaa kwenye Windows. Huko huonekana namba mbili, moja ya mtengenezaji (VEN) na nyingine ya kifaa (DEV). Kwa mfano, VEN_10EC ni Realtek, VEN_8086 ni Intel na VEN_14E4 ni Broadcom.

Draiva hutafutwa kwanza kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kisha kwa mtengenezaji wa chipu, au katika huduma ya masasisho ya Windows. Tovuti zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja huweza kuleta draiva isiyofaa au programu hatari. Toleo lazima lilingane na mfumo: draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64.

Kompyuta ambayo haiwezi kuingia mtandaoni bila kuganda inaweza kupatiwa intaneti kutoka kwenye simu ya Android kwa waya wa USB, huku kadi yake ikiwa imezimwa. Njia hii hutumia draiva nyingine.

Kabla ya kusasisha, nakala ya mafaili muhimu huhifadhiwa nje ya kompyuta, toleo la draiva lililopo huandikwa, na sehemu ya kurejea ya mfumo hutengenezwa. Kompyuta ya mezani inafaa iunganishwe na UPS. Jambo moja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana ni lipi lililoleta nafuu. Baada ya kuwasha upya, faili kubwa hunakiliwa kupitia mtandao ili kuijaribu kadi ikiwa na kazi nzito.

Pale ambapo draiva mpya si suluhisho

Toleo jipya si lazima liwe bora kwa kadi ya zamani. Mtengenezaji anaweza kuwa ameandika draiva mpya akilenga chipu mpya. Kwa sababu hiyo Windows ina uwezo wa kurudisha draiva iliyotangulia, na wakati mwingine hilo ndilo tiba.

Kompyuta ikiganda tu inapoamka kutoka usingizini, mpangilio unaoruhusu mfumo kuizima kadi ili kuokoa umeme unaweza kuondolewa bila kubadilisha draiva. Kadi yenyewe ikiwa mbovu, adapta ya mtandao ya USB inaweza kuchukua nafasi yake, na kadi iliyo kwenye bodi kuu ikazimwa katika BIOS.

Umri wa mfumo wa uendeshaji nao una mipaka yake. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo watengenezaji wa vifaa hupunguza au kuacha kutoa draiva za mifumo hiyo. Linux ni njia mojawapo ya kuendelea kutumia mashine ya zamani, kwa kuwa draiva nyingi za mtandao huja pamoja na kiini chake. Hata hivyo, programu ya biashara inayotumika dukani inapaswa kuthibitishwa kwanza kama inafanya kazi humo.

Gharama ya kukosea chanzo

Tiba inayotolewa haraka kwa kompyuta inayoganda ni "kupiga Windows upya". Tiba hiyo huchukua saa nyingi na inaweza kufuta hesabu za biashara ambazo hazikuhifadhiwa kwingine. Ikiwa fundi atatumia tena draiva ile ile iliyo kwenye flashi yake, kuganda kutarudi. Mwenye duka huamini basi kwamba mashine imekufa, na hununua nyingine iliyotumika, ambayo inaweza kuja na tatizo lile lile.

Kompyuta iliyoachwa huishia kuwa taka za kielektroniki, ambazo zina metali hatari kama risasi. Dunia ilizalisha takriban tani milioni 62 za taka za aina hiyo mwaka 2022. Kuchomoa waya wa mtandao na kutazama kama kompyuta itaganda tena hakugharimu chochote, na ndilo jaribio linalofaa kutangulia uamuzi wa kuifuta au kuitupa.