Dogi Yako Inaskia Aje Hii Jua?

Ilikuwa Sato ya Februari, kitu saa saba mchana. Mimi na beshte yangu tulikuwa tunatoka Buru kuelekea Umoja na mguu, na dogi yake Rambo akiwa kwa kamba. Rambo ni Boxer wa miaka 4, kifua imejaa kama ya mbeba magunia wa soko ya Wakulima, sura imebonyea ndani, macho za upole. Watoi wa ploti wakimwona wanaacha mpira wakuje kumshika maskio. Hiyo siku jua ilikuwa imeshika ile mbaya. Lami ya Outering ilikuwa inatoa mawimbi, mathree ikitokea mbali unaona ni kama inaelea juu ya maji. Sisi tulikuwa na njumu na kofia. Rambo alikuwa na nyayo zake tu.

Akaanza kubaki nyuma. Beshte yangu akadhani ni uvivu, akavuta kamba. Hatua chache mbele Rambo akayumba kama mlevi, miguu za nyuma zikakataa, akaanguka kando ya barabara. Mate ilikuwa nzito kama gundi, fizi nyekundu kama nyanya, na pumzi yake ilikuwa inakoroma kwa koo ni kama kuna kitu imekwama. Nilimshika tumbo nikatoa mkono haraka, joto ilikuwa ya sufuria. Manze, hakuna mtu kati yetu alijua aanzie wapi.

Aliyemwokoa ni msee wa karwash. Aliacha Probox ikiwa na povu, akavuta hospaipu akatupigia kelele: "Leteni huyo kwa kivuli! Msimwekee maji kwa mdomo, itaingia mapafu. Mwili kwanza!" Akammwagia tumbo, kwapa, shingo na katikati ya mapaja, bila kuacha. Mwenzake akararua katoni akaanza kumpepea. Vile Rambo aliinua kichwa ndio tulimbeba kwa teksi, madirisha zote wazi, mpaka kwa daktari wa mifugo, na akalala huko na dripu. Daktari alituambia hiyo maji ya karwash ndio ilimrudisha. Tungemkimbiza hapo akiwa bado anachemka, pengine tungefika na maiti.

Tangu hiyo siku siwezi ona dogi kwa jua nipite tu. Nimesoma, nimeuliza, nimekaa kwa base nikicheki vile kila moja inaishi. Na kitu nimeona ni kwamba tunachagua dogi na luku. Unataka ya manyoya nyeupe, ama ya macho blu, ama ile ya kutisha mwizi, alafu unaileta Nairobi bila kujiuliza mwili yake ilitengenezewa wapi.

Wewe ukiskia joto unatoa jasho mwili mzima, upepo ukipita unapoa. Dogi haina hiyo. Jasho yake inatoka kwa nyayo, na ni kidogo sana. Kitu inaibeba ni kuhema: inafungua mdomo, inatoa ulimi, inavuta hewa haraka hata zaidi ya mara 200 kwa dakika, ndio ile majimaji ya mdomo na mapua igeuke mvuke ibebe joto ipeleke nje. Dogi ikiwa fiti mwili yake inakuwanga kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, juu yetu kiasi. Ikipita 41, figo, maini, matumbo na ubongo zinaanza kuumia, na hata ikipona kuna vitu hazirudi vile zilikuwa.

Sasa rudi kwa Rambo. Boxer ni sura bapa. Tundu za mapua ni nyembamba, na nyama laini ya nyuma ya mdomo imejazana kwa nafasi ndogo. Akihema, ile kazi ya kuvuta hewa inamwongezea joto badala ya kumpunguzia. Pug, French Bulldog, English Bulldog, Pekingese, Shih Tzu, wote shida yao ni hiyo moja. Ndio maana kampuni mob za ndege zinakataa kuwabeba upande wa mizigo. Na hii si makosa ya dogi. Ni sisi binadamu tuliendelea kuzalisha sura fupi juu ya fupi juu inatubamba, mpaka mnyama akashindwa na kupumua. Mimi inaniuma, na nikiona mtu anapost Pug akikoroma ati ni kitu ya kucheka, naona mtu anakosa hewa.

Husky naye ako na shida ingine. Mapua yake ni ndefu, anahema poa, lakini amevaa koti mbili. Hiyo dogi ilitoka Siberia, kwa watu wa Chukchi, kuvuta sleji juu ya barafu. Mwaka wa 1925 timu za madogi zilipokezana kubeba dawa ya dondakoo mpaka mji wa Nome, Alaska, zaidi ya kilomita 1,000, kwa baridi ya chini ya sifuri nyuzi 40, na timu ya mwisho kufika ilikuwa ya Husky. Huyo ndiye mnyama unampata Nairobi amefungwa kwa gereji mchana wa Machi. Nairobi ikona bahati ya kukaa juu, kama mita 1,700 na kitu, so usiku inapoa, na Julai Husky anaweza enjoy vile sisi tunatetemeka na majaketi. Lakini kutoka Januari mpaka mvua ya masika ianguke, mchana inapiga 28, siku zingine 30. Kama unamtaka lazima uwe na kivuli ya ukweli, sakafu ya simiti yenye inakaa baridi, na roho ya kuamka mapema kumtembeza. Kama huna hizo, tafadhali usimnunue.

Kwa mitaa zetu yenye iko mob ni Japanese Spitz, ile nyeupe ya manyoya kama pamba. Pia yeye ako na koti mbili, na hapa ndio wasee wengi wanakosea. Jua ikiwaka wanachukua mashine ya kinyozi wanamnyoa kipara wakidhani wanamsaidia. Hapana. Ile koti ya juu inamkinga na miale, na nyeupe inarudisha jua kiasi. Ukiitoa yote, ngozi yake ya pinki inaungua, na nywele zingine hazirudi kumea sawa. Kitu anahitaji ni kuchanwa. Chukua brashi yenye iko na meno ndefu, toa ile pamba ya ndani yenye imekufa, hewa ipite mpaka kwa ngozi. Nusu saa ya kuchana kila wiki inamsaidia kuliko kinyozi. German Shepherd pia ni hivyo hivyo.

Rottweiler ananipea wasiwasi ya aina yake. Mweusi, mzito, na kwa mitaa mingi analishwa ugali na mabaki mpaka ananenepa, mwenyewe akiskia fahari. Rangi nyeusi inavuta jua, mafuta inazuia joto kutoka, na mwili kubwa inachukua muda kupoa. Wale wadogo wa mguu fupi nao tumbo iko karibu na lami, wanachomwa kutoka juu na kutoka chini. Puppy na mzee pia usiwaamini na jua, hata kama ni wa aina gani.

Sasa wacha nikuonyeshe Simba.

Simba hana mwenyewe. Wasee wanamwita chokora, wengine wanamrushia mawe. Rangi yake ni ya mchanga, manyoya fupi yamelala kwa ngozi, mbavu unaweza kuhesabu, miguu ndefu, mapua ndefu, maskio zimesimama. Analala hapo base, karibu na kibanda ya mama wa chapo. Nimemcheki wiki nzima. Saa kumi na moja asubuhi amezunguka mtaa mzima, amekagua kila pipa, amenusa kila kona. Saa tatu jua ikianza kuuma, huyo anaenda nyuma ya kibanda mahali maji ya kuosha vyombo inamwagika, anachimba mpaka apate mchanga baridi, anaweka tumbo hapo. Kivuli ikisonga, anasonga nayo. Saa sita ako chini ya mkokoteni. Saa nane ako kwa mtaro. Hakimbii, hachezi, paka anapita mbele yake na hainuki. Jua ikishuka, anasimama, anajinyoosha, na mtaa unakuwa wake tena.

Hakuna mtu alimfunza hiyo. Madogi kama Simba wamezaliana hapa vizazi na vizazi bila mtu kuwachagulia sura, na wale mwili yao haikuweza hii hali hawakuacha watoto wengi. Ukienda Kongo kuna Basenji, dogi ya kuwinda ya msituni, yenye habweki vile zingine zinabweka. Ukimweka kando ya Simba utaona ni kama mabinamu: nywele fupi, mwili mwembamba, maskio juu, mkia tu ndio ya Basenji imejikunja. Kwa hivyo ukinionyesha dogi ya ngiri themanini na ukanionyesha Simba, mimi kwa jua ya Februari naweka imani yangu kwa Simba. Lakini hata yeye anahitaji maji. Mama wa chapo anamwekea kwa mkebe wa rangi uliokatwa, na siku mkebe umekauka Simba anakuja kusimama mbele yake anamwangalia tu mpaka aone.

Ukishuka Coasto mambo inabadilika. Mombasa mwezi wa Machi inaweza gonga 33, lakini noma yenyewe ni unyevu. Hewa ikishajaa maji, ile majimaji ya ulimi haigeuki mvuke haraka, so dogi anahema na hapoi. Lodwar jua ni kali kushinda, lakini hewa ni kavu, kuhema kunafanya kazi mradi maji ya kunywa iko. Usidanganywe na namba ya joto peke yake. Nairobi pia, mvua ikinyesha kidogo alafu jua itoke, hiyo mvuke inaua wale wa sura bapa kuliko siku kavu.

Kuna madogi wengine naombea kila siku: wale wa kazi. Ukiingia moli yoyote kubwa unawapata kwa geti na masoja, wakinusa gari moja baada ya ingine, kati ya moshi ya egzosi na lami yenye inachoma. Wengi ni German Shepherd na Malinois, dogi zenye zinapenda kazi mpaka zinasahau kuchoka. Hiyo moyo ndio inawaweka kwa hatari, juu hawawezi kuambia soja "boss, nimeshindwa." Mahali nimeona mwavuli, beseni ya maji na dogi mbili zikipokezana, nimempongeza soja na mdomo. Mahali sijaona, nimeuliza. Nawe pia uliza.

Alafu kibanda ya mabati. Hii ndio inaniumiza kuliko yote. Ploti ngapi umeingia ukapata dogi amefungwa mchana kutwa ndani ya kiboksi cha mabati, mlango mdogo, hakuna dirisha, ati ndio usiku awe mkali? Mabati ikipigwa na jua inakuwa tanuri. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360 ya sheria za Kenya, inasema kumnyima mnyama wako maji ni kosa. Lakini kabla ya karao aitwe, inua hicho kibanda juu ya mawe hewa ipite chini, weka mbao ama magunia juu ya mabati, toboa upande wa nyuma, na usonge mahali mti ama ukuta unaleta kivuli saa nane. Hiyo ni kazi ya Sato moja, na doh yake ni kidogo sana.

Maji piga hesabu hivi: kama mililita 50 mpaka 60 kwa kila kilo ya mwili, kwa siku ya kawaida. Dogi ya kilo 30 ni kedo lita 1.5 mpaka 1.8, na jua ikiwaka ongeza. Weka kwa beseni nzito, mbili, juu moja lazima itapinduliwa. Lami, weka mgongo wa mkono wako hapo sekunde 7. Ukishindwa, nyayo zake pia zitaungua. Na gari usimwache ndani, hata dirisha ikiwa wazi kidogo, hata kama unaingia tu duka kununua maziwa. Dakika 10 zinatosha joto ya ndani kupanda karibu nyuzi 10. Na akizima, kumbuka yule msee wa karwash: kivuli, maji mwili mzima, upepo, alafu daktari. Taulo yenye maji usimfunike ukaiacha hapo, inashika joto inamrudishia.

Rambo alipona. Siku hizi beshte yangu anamtoa saa kumi na mbili asubuhi, barabara ikiwa bado baridi na mathree za kwanza zikiita watu wa tao. Wanapitia ile karwash. Yule msee akiwaona anafungua hospaipu kidogo, maji ya kidole tu, na Rambo anaketi chini, anafunga macho, anangoja imwagwe kwa shingo.