Samaki Wachekechao Mchanga

Ziwa Tanganyika, ambalo mwambao wake mkoani Katavi una Karema na Ikola, lina samaki mwembamba wa sentimita 15 hivi, Enantiopus melanogenys. Ni wa jamii moja na perege na kuhe, lakini ulaji wake ni wa namna nyingine. Huchota mchanga kwa kinywa na kuuchekecha. Chembe humtokea kwenye matamvua, wadudu wadogo wakabaki. Geophagus wa Amerika ya Kusini, ambao jina lao la Kigiriki maana yake ni “mla udongo”, hula vivyo hivyo.

Atakaye kumfuga Mpanda katika tangi la kioo huhangaikia pampu kwanza, kumbe la kwanza ni mchanga. Kokoto hazipiti kwenye matamvua, na chembe zenye makali huyajeruhi. Yafaa mchanga laini uliooshwa, wa kina cha sentimita chache tu, kwani ukizidi huoza chini.

Maji ni mtihani mkubwa zaidi. Ya Tanganyika yana madini mengi na pH iliyo karibu na 9. Ya mvua hayamfai, ingawa Geophagus wengi huyapenda maji mepesi. Tena kadiri pH ipandavyo ndivyo amonia itokanayo na samaki na mabaki ya chakula izidivyo kuwa sumu. Hivyo sehemu ya maji ibadilishwe kila juma, na chakula kiwe kidogo.

Wakati wa kuzaana dume huchimba bakuli mchangani, na jike hubeba mayai kinywani. Asiguswe kwa wavu siku hizo, akishtuka huyatema.