Meli Haingojei Sanduku

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyekuwa akiaswa ni mfanyabiashara, lakini siku hizi usemi huo unamhusu pia mtu anayekabidhi sanduku lake katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam au wa Nairobi, akapewa kipande kidogo cha karatasi chenye namba, naye akakitia mfukoni bila kukitazama. Kipande hicho ndicho daftari lake. Siku sanduku litakapokosekana, kitakuwa na thamani kuliko tiketi yenyewe.

Kwa msafiri wa kawaida, sanduku lililochelewa ni kero ya siku mbili. Amefikia kwa nduguye, ataazimwa shati na kanga, na baada ya siku hizo mbili gari la shirika la ndege litabisha hodi na mzigo wake. Lakini iko safari moja ambayo siku mbili ni nyingi mno: safari ya mtu anayepanda ndege ili aiwahi meli.

Watu hao si haba kama tudhaniavyo. Wapo vijana wa mwambao wetu wanaoajiriwa katika meli kubwa za utalii wakiwa wapishi, wahudumu na mabaharia, ambao huruka kwenda Miami, Barcelona au Southampton kuanza mkataba. Wapo wazazi waliostaafu ambao watoto wao, walioko Ulaya na Marekani, huwakaribisha kwa matembezi ya wiki moja baharini kuwa shukrani ya malezi. Na wapo wageni wanaotua kwetu ili wapande meli zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar.

Boti ya Unguja ikikuacha asubuhi, utapanda nyingine baadaye au kesho yake. Meli ya utalii haina kesho. Imekwisha kupangiwa zamu ya gati katika kila bandari, na kwa kawaida mlango wake hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Ikitoka Barcelona jioni, huenda kesho yake asubuhi iko Marseille, na keshokutwa iko pwani ya Italia. Sanduku linalokuja nyuma linakimbizana na mji usiotulia mahali pamoja.

KWA NINI MIZIGO HUKOSEKANA

Ni vema kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Takwimu za SITA, taasisi inayoyahudumia mashirika ya ndege kwa mawasiliano na kompyuta, zinaonyesha kwamba mwaka 2007 karibu mizigo 19 kwa kila abiria 1,000 ilikwenda kombo. Mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa 6.3. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo haikupotea kabisa. Ilichelewa tu, na kiasi cha theluthi mbili ilirudishwa kwa wenyewe katika muda wa saa 48.

Msomaji atazame hesabu hiyo kwa jicho la msafiri wa meli. Saa 48 ni habari njema kwa aliye nyumbani kwa nduguye. Kwa aliyetua asubuhi akitarajia kupanda meli jioni, maana yake ni kwamba sanduku litafika wakati yeye yuko katikati ya bahari.

Chanzo kikubwa cha matatizo ni kubadilisha ndege. Ndege ya kwanza ikichelewa, abiria anaweza kukimbia akaiwahi ya pili, lakini sanduku halina miguu. Linasubiri kupakuliwa, kupangwa na kusafirishwa kwa gari hadi ndege nyingine. Kadiri vituo vinavyoongezeka na muda wa kubadilisha ndege unavyopungua, ndivyo hatari inavyokua.

Chanzo kingine ni lebo. Lebo hubeba namba ya tarakimu kumi na herufi tatu za uwanja wa mwisho: DAR ni Dar es Salaam, MBA ni Mombasa, MIA ni Miami, BCN ni Barcelona. Karani akikukabidhi kipande chako, soma herufi hizo kabla hujaondoka dirishani. Ikiwa unakwenda Barcelona na lebo imeandikwa mji wa katikati, huo ndio wakati wa kuuliza. Lebo za safari za zamani nazo zibanduliwe zote, kwani mtambo unaweza kusoma ya mwaka jana.

Jambo la tatu huwashika wengi wanaokwenda Marekani. Anayetoka Nairobi kwenda Miami kupitia New York kwa kawaida hutakiwa kulichukua sanduku lake huko New York, alipitishe forodhani, kisha alikabidhi upya. Asiyejua hilo hupita moja kwa moja kuifuata ndege ya pili, akiamini mzigo unamfuata. Kadhalika, mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali aulize mapema kama mzigo utapelekwa hadi mwisho, ama itampasa kuuchukua na kuukabidhi tena.

TAHADHARI KABLA YA SAFARI

Dawa ya kwanza ni muda. Anayekwenda kupanda meli asitue siku ile ile ya kuondoka kwake. Afike siku moja kabla, na akiweza mbili. Gharama ya kulala usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya kawaida ni ndogo ikilinganishwa na kukosa meli au kuanza wiki nzima bila nguo. Kwa kijana anayekwenda kazini ambaye tiketi yake hukatwa na wakala wa ajira, si utovu wa adabu kuuliza: nitafika saa ngapi, na meli inaondoka lini?

Dawa ya pili ni mkoba wa mkononi. Watu wengi huutumia kubebea vitafunio na zawadi, hali vitu vya lazima vimefungiwa ndani ya sanduku. Yafaa mpango huo ugeuzwe. Mkobani ziwekwe pasipoti, viza, cheti cha chanjo ya homa ya manjano na tiketi ya meli. Baharia aongeze mkataba wake, kitabu cha ubaharia, cheti cha daktari na vyeti vya mafunzo ya usalama. Mfanyakazi asiye na vyeti hivyo anaweza kukataliwa kazi papo hapo gatini, na jasho la miezi ya kutafuta ajira likapotea kwa sababu ya bahasha iliyowekwa mahali pasipostahili.

Dawa za maradhi ndizo jambo zito kuliko yote. Mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, wa pumu au wa kifafa asithubutu kuweka dawa zake katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Azibebe mkononi, ndani ya vikasha vyake vya asili, pamoja na karatasi ya daktari, na ziwe za siku kadhaa zaidi ya safari. Insulini ina sababu ya ziada: haipaswi kuganda kwa baridi. Ni kweli meli kubwa zina zahanati, lakini hakuna hakika kwamba dawa yako utaikuta humo, na malipo yake si madogo. Nguo hununuliwa bandarini. Siku tatu bila dawa haziwezi kununuliwa.

Baada ya hayo ziingie miwani, fedha, vito, na jozi moja kamili ya nguo pamoja na za ndani. Vimiminika visizidi mililita 100 kwa kila chupa, maana viwanja vingi bado vinashikilia kanuni hiyo. Betri za akiba za kuchajia simu nazo hukaa mkononi tu. Kanuni za usalama wa anga haziruhusu ziwekwe katika mzigo unaokabidhiwa.

Familia inayosafiri pamoja ina hila moja rahisi isiyogharimu senti. Nguo zichanganywe: nusu ya nguo za baba ziwe katika sanduku la mama, za mama katika la baba, na za watoto zigawanywe kote. Sanduku moja likikosekana, hakuna atakayebaki mtupu.

Mwisho, piga picha ya sanduku lako likiwa limefungwa, na nyingine likiwa wazi na vitu vinaonekana. Andika jina lako na namba ya simu nje, na karatasi nyingine uiweke ndani, kwa kuwa lebo ya nje huweza kuchanika. Katika karatasi hiyo ya ndani taja jina la meli na tarehe za bandari itakazopitia. Mtumishi wa uwanja atakayelifungua sanduku lisilo na lebo atajua pa kulipeleka.

UKIFIKA NA SANDUKU HALIPO

Mkanda umesimama, wenzako wamekwisha toka, na wewe umebaki peke yako. Hapo ndipo wengi huponzwa na haraka. Huogopa kuachwa na meli, wakatoka nje wakinuia kupiga simu baadaye. Yafaa kujizuia. Kabla ya kutoka katika ukumbi wa mizigo, nenda kwenye dirisha la shirika lililokuleta katika safari ya mwisho, onyesha kipande chako cha namba, na utake taarifa ya upotevu iandikwe. Utapewa nakala yenye kumbukumbu ya herufi na tarakimu kumi. Kwa kumbukumbu hiyo mzigo hutafutwa katika viwanja vya dunia nzima.

Karani atakuuliza anwani. Usitoe anwani ya hoteli ya usiku mmoja pekee. Mpe jina la meli, jina la kampuni yake, namba ya chumba chako, orodha ya bandari na tarehe zake, na anwani ya nyumbani. Aghalabu ni busara kuomba sanduku lipelekwe bandari ya pili au ya tatu badala ya ile ya kesho, kwani njiani liko jambo la forodha, na mzigo uliokosa bandari moja kwa saa mbili huanza mbio upya.

Kisha iarifu kampuni ya meli. Kampuni hizo zina mawakala bandarini ambao kazi yao ni kupokea watu na vitu vinavyoifuata meli. Wakala akiwa na kumbukumbu yako, anaweza kuwasiliana na shirika la ndege wakati wewe uko baharini, mahali ambapo simu ni ghali.

Swali gumu ni hili: nipande meli ama nilingoje sanduku? Jibu ni kupanda, maadam hati na dawa unazo. Sanduku linaweza kuifuata meli. Abiria aliyeachwa atalazimika kununua tiketi nyingine ya ndege, na pengine viza yake haimruhusu kuingia nchi ambako meli imetangulia.

Ukiwa melini, ona haya kidogo tu. Mweleze mhudumu wa mapokezi hali yako. Utapatiwa mswaki, sabuni na dawa ya meno, na huduma ya kufua nguo ipo. Katika usiku wa mavazi rasmi, baadhi ya meli huazimisha au hukodisha suti, na penye ukumbi wa chakula cha kujipakulia hakuna anayekudai tai. Kitenge kimoja kizuri kilichokunjwa ndani ya mkoba humvika mama vazi la mchana, la jioni na la karamu.

HAKI YAKO KISHERIA

Safari nyingi za kimataifa za ndege zinatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003. Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Mkataba huo huliwajibisha shirika kwa mzigo uliopotea, ulioharibika au uliochelewa. Ukomo wa fidia, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa kila abiria. SDR ni kizio cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni karibu dola 2,000 za Marekani. Huo ni ukomo, si zawadi: utalipwa hasara unayoweza kuithibitisha. Mwenye mali ya thamani zaidi anaweza kuitangaza wakati wa kuikabidhi na kulipa nyongeza inayotakiwa.

Muda ndio huwaangusha watu. Mzigo ulioharibika ulalamikiwe kwa maandishi katika siku 7 tangu kuupokea. Mzigo uliochelewa, katika siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako. Usipofika hata baada ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika, una haki ya kudai kama uliopotea. Na mlango wa mahakama hufungwa baada ya miaka 2. Taarifa uliyoandikisha uwanjani peke yake isikutoshe. Peleka dai la maandishi na ubaki na nakala.

Kwa mzigo uliochelewa, nunua vitu vya lazima kwa kiasi na uhifadhi kila stakabadhi. Shati mbili, suruali, nguo za ndani na viatu hukubalika kwa urahisi. Saa ya dhahabu haitakubalika. Ikiwa ulisafiri na mashirika mawili kwa tiketi moja, usikubali kurushwa huku na huku kama mpira. Mkataba unakuruhusu kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile ambalo mzigo ulipotelea mikononi mwake.

Ndugu msomaji, hakuna awezaye kuahidi kwamba sanduku lake litafika. Ndege itachelewa, lebo itachanika, na mtumishi aliyechoka atalitupa kwenye gari lisilo lake. Yaliyo mikononi mwetu ni machache, nayo ni haya: kuwahi siku moja, kubeba mkononi kile tusichoweza kuishi bila ya hicho, na kutunza kila karatasi. Aliyeyafanya hayo atapanda ngazi ya meli na mkoba mmoja begani, dawa zake ndani yake na kumbukumbu ya sanduku mfukoni, na safari yake itaendelea.