Panda, Rudi Ziro: Skopu za Bei ya Kati kwa Wasee wa Tageti

Maze, Jumamosi asubuhi hapa Texas renji inajaanga mapema. Bolti ziko wazi, magazini ziko nje, kila msee anangoja zamu yake. Hii ni NRL22, mechi za .22 zenye tageti hukaa kati ya yadi 25 na 100, na zingine ni ndogo kushinda kifuniko cha soda. Mayut wa home wenye wameanza kuingilia hii gemu huniuliza swali moja: "Buda, nikiwa na dola 400 hadi ngiri, nichukue skopu gani?"

Kwanza wacha kukimbilia zumu. Chukua lenzi ya milimita 50, gawanya na zumu. Ukiwa kwa 25, mwanga wenye unafikia jicho ni upana wa milimita 2 tu. Ukishuka hadi 10, inakuwa 5. Ndio maana zumu ikipanda picha inaingia giza, na ukisongesha kichwa kidogo inapotea. Na mechi ni ya saa, unatoka kwa ngazi unaruka kwa tairi. Mimi huacha yangu kwa 12 na nadunga fiti. Ata ile bomba nono ya milimita 34 haiongezi mwanga venye wengi hudhani. Kazi yake kubwa ni kukupa nafasi ya kupandisha tareti, ile nobi ya kuzungusha juu ya skopu, ukichapa mbali.

Tareti ndio roho ya skopu. Kliki moja ya 0.1 mil inasongesha risasi sentimita 1 ukiwa mita 100. Skopu yangu ya kwanza ilikuwa inawaka kwa macho. Siku moja nikapanda mil 5, nikarudi ziro, na risasi zikatua sentimita 3 juu ya penye nilikuwa nimelenga. Mechi yote ikaenda hivyo.

Tangu hiyo siku, kila skopu naipima kabla niiamini. Nachukua kadibodi ndefu, nachora laini ya mita 1 imesimama wima kabisa na doti chini yake, naisimamisha mita 100. Nalenga doti ya chini, nachapa tatu. Napanda mil 10, nalenga doti ileile, nachapa tena. Zikitua mita 1 juu, tareti inasema ukweli. Zikitua sentimita 97, inakuibia asilimia 3. Alafu narudi ziro, nachapa za mwisho. Lazima ziingie kwa zile za kwanza.

Sasa tucheki mashine. Zote nne hupatikana na retiko, ile alama ya kulengea, ikiwa mbele, inakua na picha, so hesabu haibadiliki ukigusa zumu. Bushnell Match Pro 6-24x50 ndio ya bei ya chini hapa, na paralaksi yake inashuka hadi yadi 10, kwa hivyo tageti ya yadi 25 inatokea safi. Arken EP5 5-25x56, karibu dola 500, inakupa tareti kubwa na kliki za kusikika, lakini ni nzito, kama kilo 1.1. Vortex Strike Eagle 5-25x56 ni nyepesi kuliko hiyo, kama gramu 860. Vortex Viper PST Gen II 5-25x50 ndio inagusa ngiri, na stopa yake ya ziro ni ya chuma kigumu.

Msimamo wangu? Kwa .22, anza na Match Pro. Ukipanga kuchapa mbali, na bunduki yako ni nzito, EP5. Ukiwa na ganji, PST. Chenji ikibaki, peleka kwa maringi thabiti na risasi za mazoezi.

Na yoyote utachukua, hakikisha tareti na retiko zote ni mil, alafu chora ile laini ya mita 1 wiki ya kwanza, kabla siku za kurudisha dukani ziishe.